Siri ya Sadia Gazetini

Kwa Mama yangu mpendwa,

Salaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na dada Sadia, na mbuzi waliobaki. Mimi ni mzima, kikohozi kimeniacha, na kazi ya utarishi hapa ofisi ya gazeti inaendelea. Nairobi kuna mvua. Huko Isiolo je, imenyesha?

Barua yako, ile mwalimu alikuandikia, nimeipata. Nimeisoma mara tatu. Unasema askari walimchukua Sadia wakamuuliza bunduki za mume wake ziko wapi. Ili aachiliwe, ilibidi aseme mbele ya chifu na wazee kwamba mume hayuko msituni na waasi wa shifta, bali amemwacha akaoa mwingine kule Garba Tulla. Jambo tulilolificha mwaka mzima. Mama, nimelia. Dada yangu anaaibishwa hivyo, na mimi niko hapa napelekea watu chai.

Ile picha ya gazeti letu iliyowaleta askari niliiona siku ilipotoka. Sadia anakamua mbuzi, amefunika mdomo na shuka kwa sababu ya vumbi. Nao wakaandika kwa herufi kubwa: MKE WA SHIFTA AFICHA USO. Nilimwendea mhariri nikamwambia huyu ni dada yangu, na mume wake ni mkorofi tu, hana hata panga. Akasema, "Kijana, gazeti la jana ni la kufungia nyama. Watu wameshasahau." Nikamwambia kwetu bado wanalisoma. Akanituma nikanunue stempu.

Sasa hili la Mzee Abdi. Unasema ni yeye aliyewatolea watu wa gazeti siri kwamba shemeji hayupo, kwa sababu ndiye alikuwa anakuandikia barua zako na kukusomea zangu pale dukani kwake, na nje ya nyumba yetu hakuna mwingine aliyejua. Unasema humsalimu tena, na majirani hapo mtaani Wabera wameacha kununua sukari kwake. Mzee wa watu amesoma barua za nusu ya mji miaka hii yote, na hakuna neno lililowahi kutoka.

Mama, si yeye. Ni mimi. Mwandishi mmoja hapa alikuwa ananiuliza habari za nyumbani kila nikimpelekea chai. Nilifurahi kuulizwa, maana hapa hakuna anayeniuliza kitu. Nikamwambia shemeji ameondoka na hajulikani alipo. Kusema ameoa mwingine niliona haya. Nikamwelekeza hata nyumba iko upande gani wa msikiti. Ulimi hauna mfupa. Ile nusu niliyoificha, yeye akaijaza mwenyewe.

Kazi hii naiacha mwisho wa mwezi, nakuja. Utanigombeza nikifika, na Sadia asiponisalimu nitaelewa.

Nisalimie shangazi mkunga, na jirani yetu fundi cherehani. Barua hii anaileta mjomba kwa lori lake. Nimemwambia asikupe wewe wala mwalimu, aiweke mkononi mwa Mzee Abdi, kisha awaite wewe na Sadia dukani, na majirani wote wanaotaka kusikia.

Mzee Abdi, wewe unayesoma sasa, nisamehe. Rudia kuwasomea pale niliposema ni mimi, na tafadhali usipunguze sauti.

Mwanao,
Hassan