Kombe la Marehemu Ojiambo

Busia,
14 Septemba 1975

Kaka Ojiambo,

Pokea salamu zangu na za mama. Natumaini vumbi la saruji huko Tororo halijakuharibu kifua. Sisi huku tu wazima, ila mama miguu bado inamvimba na siku hizi anatembea kwa kushikilia ukuta. Mihogo imetoka vizuri. Nimekaa sana bila kuandika, na ningeweza kusingizia mpaka, leo wazi kesho umefungwa, lakini ningekuwa nakudanganya tena.

Najua hutaki kusikia habari za kuogelea. Miaka karibu mitatu umekilaani chama chenu, ukisema walikutoa kwenye timu ya kwenda Ulaya kwa sababu hukuwa na mtu wako ofisini. Wewe, bingwa wa mita mia mara nne mfululizo, uliyejifunzia katika mto Sio bila mwalimu! Ulikaa hapa ukingoja kuitwa, ukaapa kwamba hutawapigia magoti, kisha Januari ukavuka kwenda kubeba mifuko. Nilikusikiliza ukiwatukana, nikajifanya nachambua maharagwe.

Kaka, walikuja kukuita.

Desemba ile, siku uliyokwenda Khunyangu kwa mjomba, Bwana Kariuki wa chama, yule aliyekuwa akikushikia saa mazoezini, alifika hapa na Landrova akauliza uko wapi. Unamjua mama na Kiswahili chake. Alikuwa bado na hasira kwamba baba alizikwa Oktoba wewe ukiwa Dar es Salaam kwenye mashindano. Akamjibu, "Ojiambo? Huyo maji ilishachukua yeye. Hayuko wetu tena." Alikuwa analalamika tu kwamba kuogelea kumekuteka, kama kawaida yake. Bwana Kariuki akavua kofia. Akauliza kaburi liko wapi, na mama, akidhani mgeni amekuja kumlilia baba, akamwonyesha lile kaburi bichi kando ya migomba. Yule mtu alisimama pale akafuta machozi, akaondoka. Mama mpaka leo humwombea kwa heshima ile.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Nilielewa alichosema mama, na nilielewa alichosikia mgeni. Neno moja lingetosha, nami nikanyamaza. Nilikuwa nimemuuguza baba peke yangu, na sasa niliona naachiwa mama. Nilitaka ukae nyumbani, basi. Wewe hukumaliza hata miezi miwili.

Wala haijaishia hapo. Wametengeneza kombe kwa jina lako, Kombe la Marehemu Ojiambo, linashindaniwa kila mwaka Nairobi. Mwezi uliopita walimwalika mama akalikabidhi, na kwa sababu ya miguu yake nikaenda mimi. Nilikwenda nimekusudia kusema ukweli, nakuapia. Lakini walinikalisha mbele kabisa, wakasoma sifa zako moja moja, kisha wakaomba watu wote wasimame kimya kwa dakika moja. Nami nikasimama, kaka. Nikainamisha kichwa. Kijana aliyeshinda hakuufikia muda wako, na nilipokuwa nikimpa kombe nilijivunia jambo hilo, kisha nikajichukia njia nzima ya kurudi.

Mama hajui lolote, maana barua ya mwaliko niliisoma mimi. Alidhani nimeitwa kupokea pole za baba, akataka nimsimulie kila kitu, nikamsimulia kila kitu isipokuwa jina lililosomwa.

Barua nyingine yenye maneno haya haya nimemtumia Bwana Kariuki jana, kwa hiyo hata nikiingiwa na woga siwezi kuirudisha. Wewe una miaka ishirini na sita. Sijui kama mwogeleaji wa umri huo bado anatakiwa, na sina ujasiri wa kukuuliza. Hasira yako uliyowapa wao, nipe mimi.

Msalimie Petronilla ikiwa bado mko pamoja, na wote unaofanya nao kazi. Mungu akulinde huko.

Ni mimi dada yako, niliyekuzika ukiwa mzima,

Nerima