Theluthi, Theluthi na Robo

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba mgongo umeanza kukuachia upande ngazi bila kuguna. Huku tuko salama. Mama anakusalimu. Goti lake la kushoto linamsumbua asubuhi, likishapata joto linamsahau. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu unanikatiza kabla sijafika katikati, na habari hii haina maana ikiishia katikati.

Barua yako nimeipata, pamoja na karatasi ya kupangisha nyumba ya Mama. Hoja zako nimezielewa. Nyumba inakaa tupu mwaka mzima, panya wanatafuna dari, yule muuza vigae anatafuta mahali pa kuweka mali yake, na kuna mtu anaiba umeme, maana kila Januari mita inasogea na wewe, fundi umeme mzima, hujaona anaunganishia wapi. Umesema mwisho wa mwezi utakwenda kubadilisha kitasa na kumkabidhi mpangaji ufunguo. Mdogo wetu Kitinda ameshatia saini, imebaki yangu tu. Sijaitia, Kaka. Karatasi ninayo, haijapotea. Sababu nitaifikia, lakini njia yake inapita darasani, kwa hiyo nivumilie.

Hukujua kwamba nasoma. Msimamizi wetu wa dobi hapa hospitali anastaafu, na atakayeshika nafasi yake lazima awe na cheti cha hesabu za darasa la nane, kwa kuwa yeye ndiye anayepima dawa ya kulowekea mashuka. Nimeomba nafasi hiyo. Tunasoma Jumamosi mchana kwenye shule ya watoto, madawati ni ya watoto, magoti yanafika kidevuni. Tuko kinyozi, seremala, muuza mbuzi, mimi na wengine wachache. Mwalimu ni kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu. Anatuita mama na mzee, kisha anatupa sifuri kwa adabu hiyo hiyo.

Tulianza na namba hasi. Muuza mbuzi aliposikia jina hilo alicheka mpaka akashika dawati, akauliza nani amezihasi, kwa kisu gani, na kama baada ya hapo bado zinazaa. Mwalimu akamjibu kwamba zinazaa vizuri tu, hasi mara hasi inazaa chanya. Muuza mbuzi akasema zizini kwake jambo hilo halijapata kutokea. Mimi kanuni hiyo naitumia lakini sijaielewa. Nimeikaribisha sebuleni kama mgeni wa mtu mwingine, nasubiri mwenyewe arudi.

Nilichokielewa kwa akili yangu ni saa. Sisi tukisema saa kumi, mshale uko kwenye nne. Unatoa sita, basi. Lakini tukisema saa mbili asubuhi, mbili ukitoa sita unabaki na hasi nne, na hakuna saa ya ukutani yenye hasi nne. Nilikunja mashuka siku nzima na jambo hilo kichwani, mpaka nikaona kwamba hasi nne ni kurudi nyuma mara nne kutoka kumi na mbili, na ukirudi hivyo unaikuta nane, pale pale mshale ulipo. Nilifurahi sana. Nikamweleza mwenzangu wa mashine ya kukaushia, akaniuliza kama nimekula.

Kwenye milinganyo tulifundishwa kwamba kitu kikihamia upande wa pili kinabadilika alama. Seremala alisema hilo analijua, rafiki yake alihamia upande wa pili wa meza, akawa mwenyekiti, na tangu siku hiyo hawasalimiani.

Halafu tukafika kwenye sehemu, na hapa ndipo wewe unapoingia.

Mwalimu alitupa kazi ya nyumbani. Kila mmoja aandike kitu kinachogawanywa kwao, ajumlishe sehemu za kila mtu, aone kama zinarudi kuwa kizima. Kinyozi aliandika shamba la urithi, seremala akaandika keki. Mimi niliandika mwaka wa Mama. Unakikumbuka kikao chetu sebuleni kwako baada ya mazishi ya Baba. Ulisema theluthi utakaa naye wewe, theluthi nitakaa naye mimi, na robo Kitinda kwa kuwa ana chumba kimoja. Wifi akaleta chai, tukapeana mikono. Mama alikuwa amekaa karibu na mlango, mkoba wake mapajani. Hakuna aliyebisha, kwa sababu maneno yenyewe yalitoka mdomoni vizuri, theluthi, theluthi na robo, kama kitu kilichokamilika.

Ubaoni nilijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, nikapata tatu ya kumi. Kinyozi akataka kujua miezi mingine yote mama yangu tunamweka wapi, au huwa tunamwacha ofisi ya mizigo stendi na kupewa risiti. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Mwalimu akanirudisha pole pole. Namba ya chini ya mstari inaitwa asili, na sehemu zenye asili tofauti hazijumlishiki mpaka uzitafutie asili moja. Ya tatu na ya nne zinakutana kwenye kumi na mbili. Theluthi ya kwanza ikawa nne, ya pili nne, robo ikawa tatu. Kumi na moja ya kumi na mbili.

Safari hiyo hakuna aliyecheka. Kinyozi aliangalia dirishani. Nilimwambia Mwalimu nimekosea tena, akapitia mstari kwa mstari, akasema hesabu ni sahihi, labda niangalie swali.

Nikaangalia swali. Februari hadi Mei Mama yuko kwangu. Juni hadi Septemba yuko kwako. Oktoba hadi Desemba yuko kwa Kitinda. Mimi miaka yote nilidhani robo ya Kitinda inafika mpaka siku Mama anaposhuka kwenye basi huku, mwanzoni mwa Februari. Nilimpigia Kitinda. Akanishangaa, akasema yeye humpandisha Mama basi mara tu mwaka mpya ukiingia, na jioni humpigia kuuliza kama amefika. Mama hujibu kwamba amefika. Kitinda hajawahi kuuliza amefika wapi, kwa kuwa alijua ni kwangu. Usimkasirikie. Hata mimi Januari humpigia Mama, nikamuuliza hali, naye hunijibu kwamba yuko hapa, hajambo, anakula vizuri. Nami nikaridhika na hilo neno, hapa.

Jumapili nilimkuta Mama anachambua mchele, nikamuuliza Januari huwa yuko wapi. Hakushtuka. Alimaliza kwanza sinia aliyokuwa nayo, kisha akasema yuko nyumbani.

Kaka, mwizi wako wa umeme ni Mama.

Alinieleza bila kulalamika, nami nakueleza hivyo hivyo. Siku ile ya kikao hakupiga hesabu yoyote, aliamini tumepanga. Mwaka wa kwanza Kitinda alipompandisha basi, Mama alinipigia njiani, nikamwambia wazi kwamba nitamngojea mwezi wa pili. Hilo nimelikumbuka aliponitajia. Nilikuwa kazini, mashine zinanguruma, nikadhani anauliza tu ratiba. Akaona hana mtu anayemngoja upande huu, na kule alikotoka ameshaagwa. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba, akashuka njia panda, akaenda kwake. Wiki ya kwanza alisubiri mmoja wetu amuulize yuko wapi. Hakuna aliyeuliza, na hilo alisema lilimuuma. Wiki ya pili alifungua madirisha yote, akatandika kitanda chake, akaacha kusubiri. Fundi viatu wa jirani humchotea maji na amekatazwa kusema. Mwaka uliofuata alikuwa anaihesabu Januari kabla haijafika.

Nilimwambia basi, mwezi huo nitauchukua mimi, iwe mitano anayokaa kwangu. Nilidhani nimetoa zawadi. Mama alinitazama kama nimemnyang'anya sahani. Alisema kwetu sote anatunzwa vizuri, hana neno na yeyote, wakwe wala wajukuu. Lakini miezi kumi na mmoja anauliza chumvi iko wapi, na mwezi mmoja haulizi.

Kisha akaniomba nisiwaambie, maana mkijua mtaugawana huo nao. Nilimkubalia, na sasa naivunja ahadi hiyo kabla wino haujakauka, kwa kuwa yeye hajui habari za muuza vigae. Ukibadilisha kitasa, Januari atasimama mlangoni na ufunguo usioingia. Kwa hiyo saini yangu hutaipata, mwaka huu wala mwakani. Andika kwenye daftari lako la familia theluthi, theluthi, robo, na moja ya kumi na mbili ni ya Mama mwenyewe. Jumlisha, utaona inatimia.

Majibu yangu ya mtihani yalitoka juzi. Nimefaulu. Kwenye sehemu nimepata zote, kwenye hasi nimeanguka, na muuza mbuzi amenipa pole kwa niaba ya mbuzi wake.

Nisalimie wifi, mwambie kitambaa alichoagiza kipo, nitakituma na Mama mwezi wa sita. Watoto wasalimie kila mmoja kwa jina lake, hasa yule wa kati anayesema hesabu hazina faida. Mama akikujia usimuulize lolote, nami sitamwambia kwamba unajua.

Na kama mwisho wa mwezi bado una safari ya kwenda kule, nenda. Kitasa kiache. Angalia balbu ya jikoni, Mama anasema inawaka na kuzimika, na kila Januari hupika akiwa ameacha mlango wazi ili aone.

Ni mimi mdogo wako,
Dobi