Ng'ombe wa Kamanzi

Jumamosi, 17 Oktoba 2015. Louisville.

Tumeshinda! Naandika tena ili niamini: tumeshinda. Mechi kumi na sita tukipigwa tu, misimu miwili ya aibu, hata wanafunzi wetu wenyewe waliacha kuja uwanjani — na leo, ugenini, tumeshinda kwa pointi moja.

Aliyetushindia ni Kamanzi. Kamanzi wangu! Haya, si wangu. Lakini ni mimi niliyemwona kwenye pikiniki ya kanisa mtaani Linden, kwetu Columbus, kavaa ndala, anarusha mpira juu ya miti kwa mguu mmoja. Nikamwambia kocha, huyu Mkongo mpe huo mpira wenu wa Kimarekani wa umbo la yai, uone. Kocha akacheka. Leo hakucheka. Sekunde nne zimebaki, yadi arobaini na nane, upepo wa usoni. Ukapita katikati ya nguzo, tena juu kabisa.

Mama yake, Nyiramahirwe, alikuja na basi la kanisa kutoka Buffalo. Wakati wa kupiga alifumba macho. Safari yote ile, na hakuona! Ikabidi nimsimulie mara tatu.

Sauti imenikauka. Wakubwa wa chuo walisema msimu huu tusipoonyesha kitu, timu inafungwa. Sasa wataanza kusema walijua tangu zamani.

Jumapili, 18 Oktoba. Louisville.

Kocha amempa Kamanzi ruhusa arudi kesho na basi la abiria. Mimi simpi hata lifti. Siruhusiwi. Ndiyo kazi yangu hiyo, ofisi ya kanuni: kuhakikisha hakuna mchezaji anayepokea zawadi kwa sababu ya mpira. Ya wazazi, sawa. Ya rafiki wa familia wa miaka mingi, tunaweza kuelewana. Ya shabiki, hapana, unafungiwa. Mwaka jana nilimrudishisha kijana mmoja jozi ya viatu, akalia mbele yangu.

Leo tulikwenda ibada kwa Wakongo wa hapa. Shukrani, nyimbo, wali, kuku. Halafu akasimama mzee mmoja mrefu, Nkusi, anayefanya kazi kwenye ghala la mizigo. Kanisa zima likanyamaza. Hata watoto. Sikuelewa kwa nini.

Akasema mtoto wa Karaha, yaani marehemu baba yake Kamanzi, ametuinua mbele ya watu, na kwao mtu kama huyo hapewi makofi matupu. Kwa hiyo amempa ndama jike mwekundu, yuko kwa mpwa wake milimani Kongo, na uzao wake wote ni wa Kamanzi. Kamanzi akainua mikono juu kama pembe, akapaza sauti: Nkusi kanipa ng'ombe! Ndivyo wanavyoshukuru. Na tangu leo ataapa kwa jina hilo. Nyiramahirwe alilia mpaka akashikwa mabega.

Na mimi? Nilipiga vigelegele. Sisi Wabukusu wa Kenya na ng'ombe, nani atatuzuia? Nilipiga mpaka mtoto wa mbele akaziba masikio.

Jumanne, 20 Oktoba. Columbus.

Nilikuwa napiga mswaki. Nikasimama na povu mdomoni.

Ng'ombe ni zawadi!

Nikajiambia: Nafula, wewe ni mjinga wa kupimwa kwa debe. Unamnyang'anya mtoto viatu, halafu ng'ombe mzima unampigia vigelegele.

Nimefikiri siku nzima. Ndama yuko Kivu ya Kusini. Kamanzi hajawahi kumgusa na huenda hatamgusa. Kwenye fomu kuna mahali pa gari, pa simu, pa tiketi. Mahali pa mifugo hakuna. Nimenyamaza. Simwambii bosi. Bado.

Jumamosi, 7 Novemba. Columbus.

Ushindi wa nne mfululizo. Uwanja umejaa! Wengine wamekaa kwenye nyasi. Miezi miwili iliyopita ungeweza kulala kwenye viti vile na usisumbuliwe.

Kamanzi kabla ya kupiga hunong'ona jina la Nkusi. Wenzake wamelishika. Leo timu nzima, mijitu ya kilo mia na hamsini, inanguruma: Nkusi! Nkusi! Mashabiki nao. Nilicheka, lakini si kwa muda mrefu.

Maana baada ya mechi mtangazaji mmoja alimwekea Kamanzi kipaza sauti. Nkusi ni nini? Na Kamanzi, mtoto mwenye adabu zake, akajibu kwa furaha yote: ni mzee aliyenipa ng'ombe, kwa sababu ya ule mkwaju wa Louisville.

Alijua kanuni. Mimi ndiye niliyemfundisha, Agosti, darasa la saa mbili nzima, na alipata alama zote. Lakini kwake kuficha jina la aliyekupa ng'ombe ndio wizi wenyewe. Mtu hutangaza. Akinyamaza, ataonekana hana shukrani.

Jumatatu, 9 Novemba.

Barua imefika kutoka ligi. Bosi aliisoma kwa sauti, ofisi ikacheka. Ng'ombe! Mmoja akauliza kama analala bwenini. Kisha bosi akafika aya ya mwisho na kicheko kikaisha. Kamanzi hachezi mpaka tuthibitishe zawadi ile haikutokana na mpira. Mwisho Ijumaa tarehe 20. Ikithibitika ilitokana na mpira, msimu wake umekwisha, na mechi zote tatu tulizoshinda tangu apewe ng'ombe zinafutwa.

Nikamwambia bosi nilikuwepo. Na vigelegele nikavitaja. Ilibidi nimwonyeshe vigelegele ni nini, katikati ya ofisi. Hakutabasamu. Amesema tutazungumza juu yangu baadaye, kwa sasa ananihitaji kama mkalimani.

Kocha yeye ana dawa rahisi: arudishe tu huyo ng'ombe!

Nilimpigia Kamanzi, anapanga chumba karibu na chuo. Nikamweleza dawa ya kocha. Akasema, dada, hilo usimwambie mama yangu.

Jumamosi, 14 Novemba.

Tumefungwa kwa pointi mbili. Badala ya Kamanzi alipiga kijana mwingine, mara tatu, akakosa mara tatu. Ya mwisho iligonga mgongo wa mwenzake.

Kamanzi alikaa benchi na jaketi. Timu ilipoanza kunguruma Nkusi kwa mazoea, aliinamisha kichwa. Wakanyamaza mmoja mmoja.

Sasa lazima tushinde mechi ya Buffalo Jumamosi ijayo. Tukishinda, tunaingia fainali na timu haifungwi. Bila Kamanzi hatushindi. Sihitaji kuwa kocha kulijua hilo.

Jumapili, 15 Novemba. Buffalo.

Nimeendesha saa tano na nusu, theluji ya kwanza njiani, najitukana. Nyumba ya Nyiramahirwe iko mtaa wa Lower West Side, ghorofa ya pili, ngazi zinalia. Alikuwa ametoka zamu, bado na sare ya kazi. Chai ya maziwa, chapati. Hakuniacha niseme kitu mpaka nimalize kikombe.

Nikamweleza kanuni. Nikafika pa kumrudisha ng'ombe. Akaweka birika chini.

— Nafula, ng'ombe habairudishake. Ukirudisha, umesema weye na ule mutu ni vita. Bon, na kwetu na Nkusi vita ilikuwa. Miaka kumi na moja.

Ndipo nikaelewa kile kimya cha kanisani.

Karaha, marehemu mumewe, na Nkusi walikuwa zaidi ya ndugu. Walipokimbia milima, Karaha alitangulia na watoto, Nkusi akabaki kuleta ng'ombe wa Karaha, arobaini. Wanajeshi wakamkuta njiani, wakachukua wote. Nkusi akafika kambini Burundi mikono mitupu, mzima, bila jeraha. Karaha akasema: amewauza. Hawakusalimiana tena. Karaha akafa na neno lile mdomoni, na watu wakalirithi. Huku Amerika pia. Nkusi akiingia kwenye harusi, watu husogea.

Nikamuuliza, kwa nini basi asilete ng'ombe mmoja zamani, yaishe?

— Alete namna gani? Akituletea ng'ombe hivi hivi, donc ni kusema: kweli niliwauza, narudisha. Mutu anaweza kujihukumu yeye mwenyewe? Alingoja kitu cha kumupa mutoto bila kuitika wizi. Miaka kumi na moja hakuna. Halafu mutoto akapiga ule mupira.

— Na wewe, mama, unaamini aliwauza?

Akaniongezea chai. Akasema siku ile kanisani alipomwona mzee amesimama mbele ya watu, alijua hakuuza. Mwizi, asema, angeleta zamani.

Nimeshindwa kumalizia chapati. Maana nimeona mtego wote. Ng'ombe akiwa wa mpira, Kamanzi amekwisha. Ng'ombe akiwa si wa mpira, Nkusi amejitangaza mwizi mbele ya watu wake wote. Na fomu ina swali moja tu: je, angempa kama mchezaji huyu hachezi mpira? Ndiyo au hapana.

Jumatano, 18 Novemba. Columbus.

Sijalala vizuri. Nimemtafuta Kamanzi maktaba. Nikamuuliza kama anaijua habari ya ng'ombe arobaini. Anaijua. Alikuwa na miaka tisa.

Amesema atajitoa mwenyewe. Ataandika kwamba ni zawadi ya mpira, msimu uishe, mzee abaki na heshima yake. Nikamkumbusha mechi tatu zitafutwa, na wenzake themanini, na timu yenyewe. Akaziba uso na daftari. Nilitaka kumshika bega. Sijui kama kanuni inaruhusu. Nikamshika.

Bosi ameweka simu ya Ijumaa saa nne asubuhi. Nkusi, bosi, mtu wa ligi. Mimi katikati.

Alhamisi, 19 Novemba.

Nimempigia mzee. Nilitaka kumwandaa — najua, haifai, mkalimani haandai shahidi. Nikamweleza tu swali lenyewe na maana ya kila jibu. Kule na huku.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza mechi ni saa ngapi Jumamosi. Nikamwambia. Akauliza Buffalo kuna baridi. Nikamwambia theluji. Akasema, aambiwe mutoto avae vizuri miguu. Akakata.

Ijumaa, 20 Novemba. Saa nne na dakika arobaini.

Naandika kwenye choo cha wafanyakazi, daftari kwenye goti. Bosi amenipa dakika kumi. Nimeomba kwa kisingizio cha koo.

Simu ilianza vizuri. Nkusi hakuwa peke yake. Alisema mwenyewe: hapa niko na pasta, niko na wazee sita wa kwetu, wanasikia, sitaki kuongea kwa kificho. Angeweza kufunga mlango. Angeweza kujibu akiwa garini kwake, na kusingekuwa na mtu wa kujua!

Jina, miaka, kazi. Anaifahamu familia tangu lini? Tangu Karaha na miye tulikuwa tunachunga, akasema, kabla hatujaota meno ya pili. Nikatafsiri. Mtu wa ligi akaandika.

Kisha swali. Nikalitamka kwa Kiswahili polepole, kila neno. Kama mtoto huyu asingecheza mpira, ungempa ng'ombe?

Nilisikia kiti kikilia upande ule. Mtu akakohoa. Mzee mmoja akasema kwa mbali, Nkusi, jibu kweli, ulisema ni ya mupira.

Na Nkusi akasema:

— Waambie ningemupa. Ile ng'ombe haikukuwa ya mupira. Ni ya Karaha. Narudisha kwa nyumba ya Karaha.

Hapo kelele. Watu wote kwa mara moja, kwa lugha yao, nisiyoijua, lakini kelele ya namna ile haihitaji lugha. Kiti kikaanguka. Bosi akaniangalia: amesema nini? Nikafungua mdomo. Koo, nikasema, samahani, maji.

Maneno kumi ya Kiingereza tu. Nikiyasema, Kamanzi anapanda basi la saa sita na kesho anacheza. Lile neno tayari limeshasemwa mbele ya wazee sita, na kabla ya jioni litakuwa limefika Buffalo. Nikisema mzee anadanganya — na nadhani anadanganya, anajisingizia mwenyewe wizi ambao hakuufanya! — basi ameuza heshima yake bure na mtoto hachezi.

Kazi yangu ni kutafsiri kilichosemwa. Ni rahisi hivyo. Mbona nimejifungia chooni?

Kupitia dirisha dogo naliona basi. Wanapakia kofia na mabegi. Kamanzi yuko nje, hajaambiwa kitu, amevaa soksi mbili mbili.

Simu yangu inaita. Louisville.

Ni Nkusi. Ametoka nje, nasikia magari. Ameuliza kama nimeshawaambia.

— Bado, baba.

— Waambie, binti yangu. Miye nimeisha kulipa. Usiache nilipe bure.

Bosi anagonga mlango. Nimesema nakuja. Mzee hajakata simu, nami sikati, ayasikie maneno yale kumi nikiyasema —