Bahati anavuta maji siku ya Mungu

Kasongo, siku ya Mungu, Jumapili, saa kumi. Mvua imekatika sasa hivi, lakini kichwa changu bado kinazunguka.

Mnaonisoma mnamujua mutoto wangu Bahati. Nimewachosha na sifa zake, na sitatubu. Korali yetu ya waimbaji haijapata tena sauti kama ile. Tangu aende Salamabila kuchimba dhahabu, nimewaambia wamama wote wa kanisa kwamba hata kule Bahati iko anaongoza nyimbo.

Yeye hakuniambia hivyo. Ni mimi nilitengeneza maneno hayo.

Leo asubuhi, kabla ya ibada, nilimupigia simu aimbe kidogo nimurekodi, wamama wasikie kanisani. Nikasikia motopompe inanguruma. Nikauliza hilo ni kanisa gani lenye mashini. Akacheka, akasema iko kwenye shimo, anavuta maji.

Akanieleza. Shimo likiachwa siku moja, maji yanajaa, kuta zinalainika, na mutu anayeshuka kesho yake anaweza kufukiwa. Kwa hiyo walipatana: Ijumaa Bahati anavuta, rafiki yake Amisi anaenda musikitini, siku ya Mungu Amisi anavuta, Bahati anaenda kanisani. Sasa Amisi amevunjika muguu. Ni juma la sita Bahati anavuta siku zote mbili.

Majuma sita bila kanisa, mutoto wangu mimi!

Nikamwambia aache, watafute mwingine. Akanijibu:

"Mama, kesho watu kumi na wawili watashuka humu. Nikienda kuimba, nitawaombea nini?"

Nikakata simu. Mimi, ninayejibu kila mutu.

Kanisani kiongozi wa wamama akaniita nitoe shukrani kwa ajili ya Bahati. Nikasimama na kitenge changu kipya. Nikasema tu iko muzima, nikakaa. Mama Zawadi, ninayekaa naye benchi moja, akaninong'oneza kwamba leo shukrani yangu ni fupi kama mukia wa mbuzi.

Tuliimba vizuri sana. Lakini mawazo yangu yote yalikuwa kwenye kitenge na aibu. Nani aliabudu leo, mimi ao yeye? Na kama ni yeye, mbona bado natamani aache ile motopompe akimbie kanisani?

Alhamisi wamama tunakutana. Nitawaambia ukweli: Bahati haongozi wimbo wowote, anavuta maji.

Ila sijui bado kama nitausema kwa aibu ao kwa kujisifu.