Goti la Nakhle na Kahawa ya Mitri

Ashrafiye,
Beirut, Lebanon.
9 Machi 1947

Mpendwa mdogo wangu Naoum,

Pokea salamu zetu kutoka nyumbani. Hujambo huko São Paulo? Mkeo na watoto wazima? Sisi tunamshukuru Mungu, ila Mama miguu inamsumbua tangu baridi ianze, na habari za daktari hataki hata kuzisikia.

Kitambaa ulichotuma kimefika salama. Mama amekifungia kabatini, anasema ni kizuri mno kushonwa.

Sasa kaa kitako, maana nililo nalo ni zito. Linamhusu kaka yetu Nakhle.

Ulikuwepo alipowafunga mabaharia wa Kifaransa mabao mawili, akabebwa juujuu hadi mlangoni kwetu, Mama akawagawia watu sufuria nzima ya vitonge vya nyama vya kibbe. Mshambuliaji kama yeye mtaa huu haujampata tena. Halafu akachaguliwa timu ya kwanza ya nchi, na wiki moja kabla ya safari Mitri, yule beki wa Tripoli, akamchezea rafu, goti likavunjika. Mpira ukaishia hapo. Wewe ukaapa kwa barua kutoka huko kwamba Mitri asipate msamaha wetu maisha, na mtaa ukakishika kiapo chako. Miaka saba, kila alipopita hapa, watu walitema mate chini. Naye aliacha mpira mwaka uleule.

Jumapili iliyopita Mitri alikuja, na padri wao na wazee wanne. Mama akawamiminia kahawa, maana mgeni ni mgeni. Wakaviweka vikombe mezani bila kuvigusa. Unajua tena, hawanywi mpaka wapewe walichokuja kuomba. Padri akamwombea Mitri msamaha. Mitri mwenyewe, mvi kichwa kizima na arobaini hajafika, alikuwa akitazama sakafu.

Mama akamwachia Nakhle ajibu.

"Kunywa, Mitri," akasema. "Goti lilikuwa bovu mwezi mzima kabla yako. Nililifunga kitambaa nikawaficha, nisije nikaachwa safari. Wewe uligusa mpira tu."

"Na ulikuwa unajua siku zote hizi, ndugu yangu?" Mitri akamuuliza.

"Nilikuwa najua."

Niliona aibu, Naoum, nikatamani ardhi ipasuke. Tulijikalia kama waliokosewa, kumbe wakosaji ni sisi.

Mama akamwaga kahawa iliyopoa, akamimina nyingine, akampa Mitri kwa mikono miwili, akiwa amesimama. Safari hii mwombaji alikuwa Mama. Mitri alikishika kikombe kwa muda, kisha akakirudisha mezani kimejaa.

"Nisamehe, mama yangu," akasema. "Nitakunywa aliyeapa akiniambia ninywe."

Mwandikie Mitri, ndugu yangu. Usiandike kwangu, andika kwake, kwa mkono wako.

Msalimie mkeo Zahia, uwabusu watoto. Mjomba Ghattas anakusalimu sana. Nakhle anaona haya kukusalimu, lakini nakuletea salamu zake hivyohivyo.

Bikira Maria akufunike kwa vazi lake, wewe na nyumba yako.

Dada yako akupendaye,
Labibe