Namba Saba Mgongoni

Jumatatu, 7 Januari

Mvua tangu alfajiri. Mji wote wa Malang, hapa Java, umelowa, na wajitoleaji wetu wameingia na matope hadi chumba cha kusomea ngozi. Kundi la kwanza, watu ishirini na wanne, wamerudi baada ya mapumziko ya wiki mbili. Sasa ni duru ya mwisho. Kila mgongo vijiplasta vinane, safu mbili, mahali ambapo hapajaguswa bado. Sabuni ya mtoto, poda, krimu, mafuta, kila kimoja na namba yake. Namba nane ni maji matupu. Jumatano tunabandua na kusoma, Ijumaa tunasoma tena. Ngozi za hawa huwashwa na kila kitu, ndiyo maana tumewachagua. Ngozi zao zikitulia, vitu hivi vinaruhusiwa kupakwa vitoto vichanga.

Nimewahubiria tena mpaka koo limekauka. Msioge maji ya moto. Msijikune. Na msikwanguliwe! Maana hawa ndugu zangu nawajua. Mtu akikohoa mara mbili tu, tayari — upepo umemwingia mwilini. Analala kifudifudi, mkewe anachukua sarafu na dawa ya kuchua, anamkwangua mgongo mpaka unajaa mistari myekundu kama mkeka. Halafu mimi nisome nini hapo? Mwaka jana migongo tisa iliharibika namna hiyo. Nikaandika kanuni kwa mkono wangu: aliyekwanguliwa, nje. Bosi wetu, Daktari Hendarto, aliipenda kweli kweli. Akaibandika ukutani.

Mzee Wagiran, mwalimu mstaafu, kaniuliza mgongo ni wake au wetu. Wetu mpaka Ijumaa, nimemjibu. Wenzake wamecheka. Mimi sikuwa natania.

Jumatano, 9 Januari

Namba saba!

Watu wanne. Pale ilipokuwa plasta namba saba — mafuta ya mtoto yenye manukato mapya — pana mraba mwekundu, umevimba, una vipele. Mraba kamili, pembe zote nne, sawasawa na plasta. Sifuri ni ngozi safi, nne ni balaa. Nimeandika mbili, mbili, mbili, tatu. Tatu ni ya Mzee Wagiran, ana hadi malengelenge, maskini. Namba nyingine zote sifuri.

Bosi kazipitia fomu mara mbili. Kasema tusiwe na haraka, kinachohesabika ni usomaji wa Ijumaa. Ni kweli. Wekundu wa kawaida hufifia, aleji huendelea kupanda.

Yunarti, mratibu wa wajitoleaji, kawachukua wale wanne mmoja mmoja akawapa chai ya tangawizi na maneno matamu. Huyu binti anajua hadi majina ya wajukuu wao. Nikajisemea, afadhali hapa ofisini kuna mtu mwenye moyo, maana mimi sina.

Ijumaa, 11 Januari

Nimekasirika mpaka kichwa kinaniuma.

Wote wanne wamekwanguliwa! Wote! Mistari kutoka shingoni hadi kiunoni, inanukia dawa ya kuchua hadi koridoni. Nimewauliza: sikuwaambia? Yule mama wa mwisho akaanza kusema "lakini dada…" nikamkata. Mzee Wagiran nimemfokea mbele za watu. Wewe mwalimu mzima, nimemwambia, umefundisha watoto miaka thelathini kusikiliza, mwenyewe husikilizi? Akavaa shati taratibu, kifungo kimoja kimoja. Akasema samahani, mwanangu.

Kanuni ni kanuni. Wanne nje. Waliobaki ishirini, namba saba: sifuri tupu. Nimetia saini. Wiki sita za kazi zimeharibiwa na sarafu!

Jumapili, 13 Januari

Nilikuwa nakaanga tempe, vipande vyangu vya soya. Nikaacha iungue.

Wamekwanguliwa wanne. Na ni WALEWALE wanne. Wale ishirini wengine mvua haikuwanyeshea? Hawana wake, hawana sarafu nyumbani?

Na jambo jingine. Mistari ilipita juu ya sita, juu ya saba, juu ya nane. Kwenye sita na nane palikuwa na mistari tu, bila kipele. Kwenye saba mraba ulikuwa bado umesimama chini ya mistari. Niliuona. Niliuona kwa macho yangu haya, nikawa nimeshughulika na kufoka. Mjinga mimi!

Jumatatu, 14 Januari

Kundi la pili leo, watu ishirini na sita. Tumebandika.

Nimemwendea bosi. Nikamwambia naomba wale wanne warudiwe, mraba unaonekana hata chini ya mistari. Kacheka, tena kwa upole, kile kicheko chake cha kumpapasa mtu kichwani. "Asih, hii kanuni kaandika nani?" Akanyoosha kidole ukutani. Mwandiko wangu, wino mwekundu.

Halafu nikaenda stoo kuchukua pamba. Nimekuta maboksi. Ya mteja, mwenye yale mafuta ya namba saba, sampuli, mazuri, yana picha ya mtoto anacheka. Yameandikwa: IMETHIBITISHWA KUWA SALAMA KWA NGOZI NYETI. Imethibitishwa na nani? Lini? Nusu ya watu bado wana plasta migongoni! Eti, kasema kijana wa stoo, mzigo wa kwanza ni zawadi kwa kliniki za wazazi — kila mtoto atakayezaliwa mwezi ujao anapakwa. Anapakwa mwili mzima, asubuhi na jioni, baada ya kuoga. Mtoto wa siku mbili hana mdomo wa kusema yanamuwasha.

Nimerudi na pamba.

Jumatano, 16 Januari

Wawili leo. Prasojo, dereva wa bodaboda: mbili. Bi Tukinem, muuza tempe wa sokoni: tatu. Namba saba, wote wawili. Nikataka kupiga picha, bosi kakumbusha simu ni marufuku chumba cha kusomea. Tangu lini inafuatwa hiyo?

Nimebandua, nimeandika, nimewaaga. Halafu sikurudi mezani. Nimesimama nyuma ya mlango wa chumba cha chai kama mwizi.

Yunarti alikuwa na Bi Tukinem. Anamwambia: pole mama, inakuwasha eeh? Ukifika nyumbani mwambie mkweo akukwangue kidogo, upepo utoke, utapumzika. Chukua na dawa hii, chupa nzima, zawadi yetu.

Bi Tukinem akasema lakini yule dada mkali amekataza.

Yunarti akasema aa, hilo lilikuwa la mwanzo mama, sasa tumeshamaliza kusoma.

Yule dada mkali ni mimi.

Nimewakimbilia getini bila mwavuli. Prasojo alishawasha pikipiki, kaondoka. Bi Tukinem nimemshika kikapu. Nimemwambia mama, usikwanguliwe, nakuomba, hatujamaliza, Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Kanitazama vizuri. Kumbe Mzee Wagiran ni jirani yake, nyumba ya tatu. Naye alipewa chupa. Wote wanne walipewa! "Mzee alitaka kukueleza," akaniambia, "wewe ukamvunjia heshima mbele ya watu. Siku tano hajatoka nje kupiga soga."

Nilikuwa nimelowa chapachapa.

Alhamisi, 17 Januari

Nimembana Yunarti chooni, ndiyo, chooni, maana ndiko pekee hana pa kukimbilia. Akalia. Kasema Daktari alimwambia wahurumie wanaowashwa, uwape dawa, uwashauri wakwanguliwe kama kawaida yao, hakuna ubaya. "Mimi nilijua nini, dada Asih?" Ulijua kanuni, nimemwambia. Umepita mbele yake kila siku unaenda kunywa chai. Akalia zaidi. Sikumbembeleza.

Halafu bosi. Hakukana hata kidogo! Ndicho kilichoniua. "Sisi tumemkwangua mtu hapa? Sarafu kashika nani? Wake zao, wakwe zao. Tumetoa dawa ya kuchua, inauzwa kila duka." Akaendelea kwamba mteja anakuja kesho saa nne, ataondoka na ripoti yenye saini yangu, na kwamba wasoma migongo Java hii wamejaa tele.

Nina miaka kumi na moja hapa. Mama yangu anategemea kazi hii, nami pia. Nayaandika haya ili nisijidanganye kesho kwamba sikuogopa.

Baada ya kazi nimekwenda kwa Mzee Wagiran. Nimemwomba radhi pale pale barazani, majirani wakichungulia, maana aibu nilimpa mbele za watu. Akanikaribisha kahawa. Akageuka, akapandisha shati. Mistari imeshaisha. Mraba bado upo, umeanza kuwa kahawia. Akasema: "Mwanafunzi akikosea kwa kuwa kaelekezwa vibaya, anachapwa nani?" Nikasema mwelekezaji. Akasema hapana mwanangu, shuleni kwetu alichapwa mwanafunzi tu, ndiyo maana niliacha fimbo mapema. Nikacheka na kulia papo hapo. Kahawa yake tamu kupita kiasi.

Ijumaa, 18 Januari

Naandika hapa hapa chumba namba mbili. Nimefunga mlango kwa ndani. Nianze mwanzo.

Saa mbili, Prasojo. Kakwanguliwa. Mkewe, kasema, alimhurumia, mtu wa kuendesha pikipiki kwenye mvua. Sikumfokea. Nimeandika: mistari ipo, mraba upo, mbili. Na nimeandika alipewa dawa na nani. Bosi kaichukua fomu kabla wino haujakauka, kaikunja mfukoni.

Saa tatu na nusu, Bi Tukinem. Nilikuwa naomba kila nikimpaka mtu spiriti, Mungu wangu, awe hajakwanguliwa. Akaketi kwenye stuli, akavua blauzi, akanigeuzia mgongo.

Safi! Hakuna mstari hata mmoja. Namba saba inang'aa — mraba, malengelenge, unachuruzika maji. Tatu, na nusu ya njia kuelekea nne. Kasema amelala kwa tumbo siku mbili akiuma mto. Mkwe wake alishakunja mkono na sarafu, yeye akamfukuza chumbani.

Bosi kabisha mara moja akaingia hapo hapo, akidhani tumemaliza. Kaona. Kaona vizuri. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kuagiza chai: andika amekwanguliwa. Juu ya mgongo huo! Nikamwambia daktari, mistari iko wapi? Akasema andika, Asih. Kisha kwa Bi Tukinem: asante mama, tumemaliza, vaa nguo uende kuchukua zawadi yako.

Bi Tukinem hakugusa blauzi.

"Sivai," kasema. "Aandike kwanza anachokiona."

Bosi akasema mama, tafadhali, si heshima. Bi Tukinem akamjibu kama si heshima basi atoke, yeye ni mwanamume, kafuata nini chumbani kwa mke wa mtu aliye uchi wa mgongo? Tena akasema kwa sauti ya sokoni, ile ya kuitia wateja tangu barabarani. Bosi akawa mwekundu kuliko namba saba. Akatoka kinyumenyume. Hapo ndipo nilipofunga mlango.

Nimeandika tatu. Tarehe, saa, saini. Nimechora mraba kwa rula, nimepima kila upande. Nikafungua kabati, fomu za wale wanne wa wiki iliyopita zimo humu humu. Kwenye kila moja nimeandika chini ya saini yangu: nilikosea, huyu alielekezwa na ofisi, usomaji wa Jumatano uhesabiwe. Mkono umeniuma. Kanuni yangu niliyokuwa najivunia! Laiti ningeiandika bila hasira, ningeongeza: muulize kwanza.

Bosi anabisha. Asih fungua. Asih, mteja amefika. Asih usinifanyie hivi mbele ya mgeni. Mara anaamuru, mara anabembeleza. Sasa kasema atamwita fundi avunje kitasa, na Bi Tukinem kamjibu aje tu, na fundi ni mwanamume pia, waje wote wajaze chumba, watasimulia wake zao walichokuja kukitazama.

Kuna baridi humu. Vinyweleo vimemsimama mikononi. Nimemvulia koti langu jeupe nimfunike, kakataa. Kasema nikifunika tu mgongo wataingia.

Nimetafuta njia nyingine ya kutoa fomu hizi nje. Dirisha lina nondo. Simu yangu iko mezani kwangu, huko upande wa pili.

Bosi kaacha kubisha. Sauti nyingine sasa. Ya mwanamke, siijui. Anamuuliza bosi kuna nini humo. Bosi anasema mgonjwa kidogo, mambo ya kike, twende ofisini tukatie saini. Viatu vya yule mwanamke havijaondoka. Mteja ni mwanamke! Siku zote hizi bosi anasema mteja, mteja, nikadhani mzee mmoja mwenye tai.

Anabisha yeye mwenyewe, taratibu, kwa kucha. Anauliza: mimi ni mwanamke, naweza kuingia?

Anaweza akawa ndiye aliyechapisha yale maboksi. Anaweza akaingia, akatazama, akasema andika amekwanguliwa, na kwa kuwa ni mwanamke, hatuwezi kumtoa kwa neno la heshima.

Nimemuuliza Bi Tukinem tufanyeje. Hajageuka. Kanyoosha mgongo, kakusanya nywele zake zote mbele ya bega.

"Mfungulie," kasema.

Naenda kufungua.