Kanzu ya Papa na Programu ya Lukumani

Kisangani, Juni 1984

Papa wangu mpenzi,

Barua hii ikukute barazani kwako Ubundu, mguu juu ya kikanyagio, utepe wa kupimia shingoni, na afya tele. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Sisi huku ni wazima, na mimi nina furaha hata naona haya kuiandika. Ndoa ni tamu, Papa! Mbona hamkuniambia?

Najua unachongojea. Umeniuliza mara mbili kanzu yako ya Idi iko wapi, ile ya kitambaa cheupe ulichonipa siku ya arusi pamoja na mashini ya kushona, ili uone kama mkono wangu bado unakumbuka. Ngoja nianzie mbali kidogo.

Lukumani wangu (jina lake linapendeza hata kwenye karatasi!) anafanya kazi na ordinateur ya kiwanda, ile mashini kubwa ya kufanya hesabu. Directeur, mkubwa wao, alimpa kuandika programu ya mishahara, yaani maagizo ambayo ordinateur itayafuata hatua kwa hatua ili ihesabu malipo ya wafanyakazi wote. Akamwambia wazi kwamba isipokuwa tayari mwisho wa mwezi, ataletwa mtu wa Kinshasa, na Lukumani atarudi depo kupanga magunia. Mchana ordinateur inatumiwa na wakubwa, basi yeye huandika programu nyumbani, kwa penseli. Koma moja ikikosewa, yote yanaharibika.

Na kwetu, kelele! Nyuma kuna baa, mbele kuna kwaya ya kanisa. Nilifunga madirisha, akasema kimya kile kinamfanya asikilize masikio yake mwenyewe. Nikaweka kaseti ya rumba. Gitaa lilipopanda, mume wangu akatupa penseli, akanishika kiuno, na bon, programu ikalala. Nikafungua redio, akajikuta ameandika maneno ya wimbo katikati ya hesabu.

Jioni moja aliinamisha kichwa mezani, akasema depo nayo ni kazi. Moyo wangu ukaniuma. Hapo nikakumbuka baraza yako. Nani alinifundisha aljebra? Si walimu peke yao. Ni mashini yako: trrr, kimya kidogo unapogeuza kitambaa, kisha trrr tena. Nilikaa chini karibu na miguu yako, kwenye harufu ya mafuta na pamba mpya, treni ikipiga honi stesheni, na kila ulipogeuza kitambaa mimi nilikuwa nimepata jibu. Ah, siku zile, Papa!

Nikaketi kwenye mashini uliyonipa, nikakanyaga, kwanza bila kitambaa. Ulitukataza, ulisema mashini tupu hula meno yake. Na Lukumani naye, bila kuinua kichwa, akasema sauti hiyo iko na njaa. Nikachukua kitambaa chako. Trrr. Penseli ikaanza kwenda. Nilipogeuza upindo, alifuta kosa, niliposhona, aliandika. Ikawa hivyo kila jioni. Jirani yetu Micheline aliniuliza juu ya ukuta kama Lukumani alioa muke ao fundi. Nikamjibu kwamba alioa orchestre.

Na programu imekubali! Watu walilipwa bila kosa, directeur akampa mkono mbele ya wote, kazi imebaki yake.

Sasa nikuambie ukweli. Kanzu yako iliisha mapema, nzuri kabisa. Lakini programu haikuwa imeisha, na nyumbani hapakuwa na kitambaa kingine. Nikaifumua, nikaishona tena. Nikaifumua tena. Mishono imetoboka kama chujio, na mkono wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia, kwa sababu mwishoni nilikuwa natazama uso wa mume wangu, si upindo. Wewe ambaye nguo yenye kasoro haijatoka mlangoni kwako, utaendaje nayo msikitini? Lukumani anakuomba uivae hivyo hivyo, usiirekebishe. Anasema programu yake yote imo ndani ya mishono hiyo.

Naituma kwa treni na tonton Yakubu, ndugu ya Mama. Mkumbatie Mama, wasalimie majirani wote wa stesheni. Na akirudi, tafadhali mpe tonton vipande vya kitambaa vilivyobaki chini ya meza yako, hata vidogo: Lukumani amepewa programu ya pili, na mimi nimekwisha anza kufumua mapazia.

Mtoto wako wa miguuni pa mashini,

Aziza